Ufa Chini ya Rangi

Foleni ya pikipiki ilianzia kwenye lango la ofisi ya trafiki, ikafuata ukuta, ikaishia kwenye mkokoteni wa muuza maharage ya ful. Jua la Jumapili lilishapanda. Waliofika tangu alfajiri walikuwa wamekaa juu ya pikipiki zao wakitafuna mikate yenye maharage na kuwatazama wenzao wakitoka ndani mmoja mmoja, karatasi mkononi, nyuso zimewashuka.

"Wewe umeangukia nini?"

"Taa ya breki. Nakanyaga, haiwaki."

"Na wewe, Hajji?"

"Tairi. Ati lina upara kuliko mimi."

Wakacheka, kicheko cha watu waliochoka.

Shawadfi hakucheka. Alikuwa fundi cherehani wa miaka hamsini na tisa, anayezunguka vijiji vya jirani na Minyat Sarhan akitengeneza mashine za watu majumbani mwao. Pikipiki yake kuukuu ilikuwa na kigari cha pembeni kilichofungwa ubavuni kwa vyuma viwili. Siku za kazi kigari hicho kilibeba vichwa vya cherehani. Jumamosi, Jumatatu na Jumatano kilimbeba mkewe, Inshirah, kwenda Zagazig kusafishwa damu, kwa kuwa figo zake zilikuwa zimekufa, na kabla ya figo sukari ilishamla mguu wa kushoto hadi chini ya goti.

Leo haikuwa siku ya hospitali, lakini Inshirah alikuwemo kigarini, mtandio ameuvuta mbele kujikinga jua, gongo amelilaza mapajani. Pikipiki iliandikwa kwa jina lake. Ilinunuliwa kwa bangili zake. Leseni ya chombo ilikuwa inakwisha wiki hiyo, na mwenye chombo ndiye anayetia sahihi.

"Baba Wisam, mbona jasho linakutoka namna hiyo?"

"Jua."

"Mimi nami si niko juani?"

Kando ya lango alisimama mtu mwenye vioo vimemning'inia kifuani kama shanga. "Kioo cha kulia, kioo cha kushoto! Honi inayolia! Kodisha, pita, rudisha!" Shawadfi alikuwa na kioo kimoja tu. Akamwita, akakodi cha pili.

"Wenye akili hununua," alisema Inshirah.

"Tukipita nitanunua."

"Mwaka juzi ulisema hivyo hivyo."

Mhandisi Rushdi, aliyekuwa akikagua vyombo uani, alikuwa na jino lililomsumbua siku ya tatu. Watu walidhani anafurahia kuwaangusha. Ukweli ni kwamba kila chombo alichokiangusha kilimletea kelele za nusu saa, na kila alichokipitisha kilimfuata hadi nyumbani kwake, akawa anajiuliza kitandani kama kweli alikitazama vizuri. Alikizunguka chombo cha Shawadfi mara moja, akasimama mbele ya kioo cha kulia.

"Hiki tumeshaonana mara nne leo," alisema. "Kimenizoea. Kasoro kinisalimie."

Askari aliyeshika daftari akacheka. Shawadfi naye akajilazimisha kutabasamu.

"Piga honi."

Honi ikalia kama mbuzi mwenye mafua.

"Haya, imelia. Washa taa. Kanyaga breki. Ya mkononi sasa." Akaliinua gurudumu la mbele, akalitikisa huku na huku akisikiliza kama limelegea. Akaivuta cheni kwa kidole. "Hii ikaze, inacheza. Lakini haitakuangusha. Na kioo ununue chako." Shawadfi akaanza kushusha pumzi. Ndipo mhandisi akachuchumaa upande wa kigari.

"Hajja, wewe ndiye mwenye chombo?"

"Ndimi."

"Samahani, naomba ushuke."

"Mhandisi," Shawadfi aliingilia haraka mno, "ana mguu mmoja. Kumshusha ni shughuli. Kitazame hivi hivi."

"Sikagui chombo kikiwa na mtu ndani."

Askari akaleta kiti kilichovunjika mgongo. Shawadfi akainama, Inshirah akamshika shingo, akainuliwa mbele ya wanaume thelathini. Gauni lake likakwama kwenye ukingo wa kigari, kigutu cha mguu kikabaki wazi, na kila mtu pale uani akapata kitu cha kutazama juu ya paa la ofisi. Alipowekwa kitini alilivuta gauni chini kwa mikono miwili, akasema "Ahsanteni," ingawa hakuna aliyekuwa amefanya lolote.

Mhandisi alikuwa amelala ubavu chini ya kigari. Akapitisha kidole gumba kwenye chuma cha mbele.

"Chombo chote kina kutu kama jembe la marehemu. Hapa tu pana rangi mpya. Kwa nini?"

"Fundi alipaka."

"Fundi gani anayepaka sehemu ya kiganja kimoja akaacha kwingine?"

Akatoa funguo mfukoni, akakwaruza. Rangi nyeusi ikadondoka vipande vipande kama maganda. Chini yake kulikuwa na mstari mwembamba kama unywele, umeuzunguka ule mwili wa chuma robo tatu nzima. Akagonga kwa nyundo ndogo. Chuma kilitoa sauti ya mtungi uliopasuka.

Alisimama akijipangusa magoti. Hakumwambia Shawadfi kitu. Alikwenda mbele ya kile kiti kibovu, akachuchumaa.

"Hajja, chuma kinachokishika kigari chako kwa mbele kimekatika, kimebaki kama upana wa kidole. Kikiachia barabarani, kigari kitapinda kiingie kwenye gurudumu la mbele, au kitakwenda zake peke yake nawe ukiwa ndani. Siwezi kukuandikia hiki kimepita. Nisamehe."

Inshirah alikuwa akitazama vile vipande vya rangi chini. Alivijua. Ilikuwa rangi ya nondo za dirisha la chumbani, ambazo Shawadfi alizipaka siku mbili kabla ya Idi ndogo. Alikumbuka alivyomwona akitoka nje na mkebe na brashi, akamwambia anakwenda kuiosha ile brashi.

"Baba Wisam," alisema taratibu, "hii si rangi ya dirisha letu?"

Shawadfi aliangalia kofia mkononi mwake. Wale thelathini walisikia. Mmoja wao, aliyekuwa akitafuna, akaacha kutafuna.

Askari akafungua skrubu mbili, akakibandua kibao cha namba. Chombo kingetoka pale kwa kubebwa, si kwa kuendeshwa. Inshirah alitia sahihi kwenye karatasi ya kuangushwa, mahali alipoonyeshwa, kwa mwandiko mzuri wa shule.

*

Walirudi kwa gari dogo la mizigo la jirani, Inshirah mbele na dereva, Shawadfi nyuma akiwa ameikumbatia pikipiki isianguke. Njia nzima dereva alizungumzia bei ya vitunguu. Inshirah alimjibu vizuri, kila alipopaswa kujibu.

Nyumbani Inshirah alimwacha amwekee maji ya udhu na amsogezee gongo. Walipokaa, chai ikiwa katikati yao, alisema:

"Ulijua."

"Nilijua."

"Tangu kabla ya Idi ndogo. Idi kubwa ikaja, ikapita. Kila wiki mara tatu, kwenda na kurudi."

"Nilikuwa naendesha polepole."

Inshirah aliweka bilauri chini. Kule hospitali wanawake waliolala naye kwenye mashine walimtania kwa mwendo huo. Wakiwa kwenye dirisha walimwona Shawadfi akiingia kwa mwendo wa kusindikiza maiti, malori yakimpigia honi nyuma, wakamwambia, mwenzetu, wewe unaendeshwa kama yai. Naye akacheka kwa aibu na fahari, akawaambia, huyo ndivyo alivyo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungepanda?"

"Nisingepanda."

"Basi. Pesa ya fundi hatukuwa nayo, wala nauli ya mara tatu kwa wiki. Ukikosa siku moja, maji yanakujaa mapafuni. Nilishakuona unavyokuwa, Inshirah. Midomo ilikuwa rangi ya bilinganya. Kile chuma kingeweza kukatika, na kingeweza kukaa. Damu yako haina 'ingeweza'. Nikachagua."

"Ukachagua wewe."

"Nani mwingine angechagua?"

"Mwenye roho!" Sauti ilimpanda, kisha ikamwishia hapo hapo; hakuwa na pumzi ya kugombana. "Si ungeniambia, Shawadfi, chuma kimepasuka, unapanda au hupandi. Pengine ningepanda. Ningepanda nikiwa najua."

Miaka mingi hakuwa amemwita kwa jina lake tupu. Shawadfi aliizungusha bilauri yake bila kunywa.

"Na vichwa vya cherehani?" aliuliza Inshirah. "Baada ya kuuona huo ufa, uliendelea kuvibeba humo?"

"Niliendelea."

"Viwili kwa mpigo?"

"Siku nyingine viwili."

"Na kesho yake ukanipandisha mimi."

Kazi ilikuwa ile, na kigari kilikuwa kile. Kila alipopakia mashine aliuona ule ufa kichwani mwake ukisogea kidogo, akasema Mungu ni mkubwa, akafunga kamba. Nia mbaya hakuwa nayo hata chembe. Alikuwa amechoka tu, na mtu aliyechoka huona ufa akatafuta rangi.

*

Jumatatu Inshirah alikataa kusindikizwa. "Wewe kaa na chuma chako," alisema.

Kwenye kituo cha basi dogo la kwenda Zagazig, dereva alimtazama, akatazama gongo, akatazama kigutu.

"Mama, utalipia viti viwili."

"Mbona nina makalio ya kiti kimoja?"

Abiria wakacheka, dereva naye akacheka, lakini nauli ya viti viwili akaichukua, kwa sababu Inshirah hakuweza kukunja goti la kigutu ili mtu akae mbele yake. Watu wawili walimpandisha, mmoja kwapa hili, mmoja kwapa lile. Mmoja wao alikuwa kijana mwenye adabu aliyefumba macho kabisa alipomshika, akamgonga kichwa kwenye fremu ya mlango. Inshirah akamwambia si kitu, mwanangu. Njiani basi lilikwenda mbio mbio, na kila liliposimama dereva alipiga kelele, "Mpisheni mgonjwa!" kana kwamba hilo ndilo jina lake jipya.

Wodini Bi Tahiya, mwenzake wa mashine ya pili, alikuwa ameshaunganishwa mirija.

"Nimekutafuta dirishani, sikuona msafara. Yu wapi mpenzi wako leo?"

"Pikipiki imeangushwa kwenye ukaguzi."

"Na mimi mume wangu ungemkagua asingepita. Taa hazifanyi kazi, honi ndiyo inalia usiku na mchana."

Wote chumbani walicheka hadi muuguzi akawanyamazisha. Inshirah alicheka nao. Kisha akageuza uso ukutani, na Bi Tahiya, aliyekuwa mtu wa maneno mengi lakini si mjinga, akaona bega lake likitikisika, akajitia kumwuliza muuguzi ni saa ngapi sasa.

*

Mchomeleaji, Usta Bayumi, alikipindua kigari kwenye karakana yake, akapiga mbinja.

"Huyu mkeo unampenda au una bima?"

"Chomelea tu, Usta."

"Nichomelee nini? Chuma hiki kimechoka. Nikikichomelea hapa, kitapasuka pale. Wewe ni fundi cherehani, unajua: kitambaa kilichooza hakishikwi na uzi mpya. Tukikate chote, tutie bomba jipya, tubadili na kile cha nyuma. Na kioo cha pili ununue, wasikuone mtu wa kukodi."

Hapo ndipo Shawadfi alipojua kwamba habari ilishatangulia mjini.

Hakuwa na pesa ya mabomba mawili. Alikuwa na cherehani ya mkono, ya zamani, yenye maua ya dhahabu shingoni, aliyoikuta kwenye takataka za nyumba ya watu na kuifufua kwa majira mawili ya baridi. Alikuwa ameahidi kumpelekea binti yao Wisam, aliyeolewa Damietta. Aliileta ikiwa imefungwa ndani ya shuka. Usta Bayumi akazungusha mpini, sindano ikashuka na kupanda bila sauti, akakuna kidevu, akasema mke wake yeye ataipenda, wamelipana.

Shawadfi alikaa pale Jumatatu nzima na Jumanne akishika vyuma, akipokea cheche kwenye mikono. Mara mbili Bayumi alimwambia aende nyumbani akapumzike. Hakwenda. Nyumbani Inshirah alimwandalia chakula, akakifunika, akala chake mapema. Hakumnunia. Alimjibu kila alichouliza. Hilo ndilo lililomtesa zaidi, kwa kuwa ilikuwa sauti ile ile aliyompa dereva wa vitunguu.

*

Jumatano asubuhi gari la mizigo liliwarudisha kwenye uwanja wa trafiki. Mhandisi Rushdi alikuwa ameng'oa jino na shavu lake limevimba. Alilala chini ya kigari muda mrefu, akagonga bomba jipya, likatoa mlio safi. Hapakuwa na rangi mahali popote. Shawadfi alimkataza Bayumi asipake.

"Mbona hamkupaka? Litashika kutu."

"Nilitaka uone maungio."

Mhandisi alimtazama kidogo. "Vioo viwili, vyote vyako. Vizuri. Sasa nitakiendesha mwenyewe nikajaribu breki kwa mwendo. Ila kigari kikiwa tupu hakinionyeshi kitu. Nataka uzito."

"Nitapanda mimi," alisema Inshirah kutoka kwenye kiti kile kibovu. "Uzito wake si ndio mimi?"

"Hapana," Shawadfi alisema. "Nitapanda mimi."

Miaka sita pikipiki ile ilikuwa nyumbani kwake na hakuwa amewahi kukaa kigarini. Magoti yalimkataa, ikabidi askari amsukume bega. Alipokaa aliona dunia imeshuka. Mhandisi akawasha pikipiki, wakatoka langoni hadi barabara kuu. Ghafla gurudumu la lori likawa sawa na uso wake, linazunguka umbali wa mkono, nati zake moja moja zikionekana, na upepo wake ukamchukulia kofia. Mhandisi akaongeza mwendo, kisha akafunga breki. Kigari kikapiga kelele na lami ikamkimbilia miguuni. Alishika ukingo kwa mikono miwili. Hapakuwa na usukani wala breki, hapakuwa na lolote la kufanya pale isipokuwa kumwamini aliyeshika. Mhandisi akafanya hivyo mara tatu.

Waliporudi uani Shawadfi alibaki ndani. Uso wake ulikuwa na vumbi, isipokuwa mistari miwili chini ya macho. Hakujipangusa.

"Kimepita," mhandisi alimwambia Inshirah, akampa karatasi atie sahihi. Askari akakirudisha kibao cha namba, skrubu mbili.

Ilikuwa karibu saa tano na mashine ya Inshirah ilikuwa ikimngoja saa sita. Shawadfi alikisogeza kigari hadi kwenye kiti, akakipangusa kwa mkono wa shati, akasimama.

"Tutachelewa, Mama Wisam."

"Nitakwenda kwa basi."

"Kimepita. Umesikia mwenyewe."

"Kigari kimepita," alisema.

Akalishika gongo lake. Kituo kilikuwa ng'ambo ya barabara. Shawadfi hakuthubutu kumgusa. Alisimama katikati ya barabara mikono ameitanua, akizuia magari, hadi Inshirah akavuka. Dereva alikuwa yule yule wa Jumatatu. Akamlipisha viti viwili.

Basi lilipoondoka, Shawadfi aliwasha pikipiki akalifuata. Dereva alimwona kwenye kioo, akasema, "Mama, kuna mzee anatufuata na kigari kitupu. Amekusahau?" Abiria wakageuka nyuma. Mmoja akachekelea kwamba huenda amekuja kuwabeba basi likiharibika. Inshirah hakugeuka. Basi lilikimbia, na pikipiki nayo ikakimbia, honi ya mbuzi ikilia kwenye makutano, chuma kipya kikimetameta juani, hadi Zagazig.

Mlangoni mwa hospitali watu wawili walijitolea kumteremsha. Inshirah akawazuia kwa gongo. Akabaki amekaa kwenye ukingo wa mlango wa basi, mguu wake mmoja hewani, huku dereva akilalamika kwamba ana safari, mpaka Shawadfi alipofika akihema, kofia hana.

"Umeona kulivyo kule chini kigarini?" aliuliza Inshirah.

"Nimeona."

"Ukiona ufa mwingine, utaniambia?"

"Nitakuambia."

"Hata siku ambayo hatuna njia nyingine?"

Shawadfi alitaka kujibu haraka, akajizuia. Nyuma yake magari yalipiga honi. Alilifikiria swali lile kama mtu anayeinua kichwa cha cherehani, kujua uzito wake kabla ya kukibeba.

"Siku hiyo ndiyo nitaogopa kukuambia," alisema mwishowe. "Lakini nitakuambia."

Inshirah alimtazama kitambo, vumbi lile na ile mistari miwili. Kisha akampa gongo alishike, akainua mikono yote miwili ili ateremshwe.